Kabla Shule Haijavaa

Mkaguzi alikuwa na desturi moja ambayo wenzake ofisini waliiita ushamba. Siku moja kabla ya ukaguzi hupanda basi peke yake, akashuka karibu na shule inayokaguliwa, akapita kando ya ua kama mtu anayetafuta njia ya sokoni, na kuchungulia. Alisema kesho yake shule itakuwa imeshavaa: madirisha yamefutwa, vyoo vimemwagiwa dawa, watoto wasumbufu wameambiwa wabaki kwao, na walimu wamefunga tai zinazowakaba. Yeye alitaka kuiona kabla haijavaa. Lakini ua ni ua. Kwa nje huoni zaidi ya migongo ya madarasa, na kwa miaka yote aliyofanya kazi ile hakuwahi kuiona shule hata moja ikiwa na nguo zake za nyumbani.

Walimu walimpa jina, Kalamu Nyekundu. Alilijua, akajifanya halijui. Akiingia ofisi ya walimu, soga zinakatika papo hapo. Akikaribishwa chai, anakataa, maana kanuni yake ilikuwa kwamba hakimu hali kwa mshitakiwa. Kanuni nzuri sana hiyo, ila ukiifuata muda mrefu unajikuta huli kwa mtu yeyote. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wanawe walikuwa mbali na mambo yao, na binti yake mkubwa alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza, "Baba, umekula?" Naye hujibu, "Nimekula, mwanangu," hata kama sufuria imekauka tangu juzi. Alikuwa mpweke, tusifichane. Alikuwa mpweke kiasi cha kumsalimia mtangazaji wa redio.

Sasa, shule aliyotumwa safari hii ilikuwa sekondari ndogo ya serikali, kila kidato darasa moja, choo kimoja cha walimu, na maabara iliyogeuzwa stoo ya majembe. Ofisini kwao maneno yalikuwa yameshasemwa: ikianguka katika ukaguzi huu, ifungwe, na wanafunzi wahamishiwe shule kubwa ya mjini. Kila aliyesema hivyo alijua kwamba wengi wao wasingefika huko mjini. Wangeishia nyumbani, hasa wasichana, na habari yao ingekwisha kimyakimya. Dosari iliyotazamwa zaidi ilikuwa moja: shule haikuwa na mwalimu wa fizikia. Wa mwisho aliaga anakwenda masomoni, na mpaka leo yuko masomoni.

Siku hiyo Mkaguzi alishuka kwenye basi akiwa na begi la nguo mkononi na mkoba wa vitabu begani, akafuata ua wa shule taratibu. Ua ulikuwa wa miti, na mahali pamoja ulikuwa na pengo. Kwenye pengo akasimama msichana mrefu wa kidato cha nne, ndoo mkononi. Alilitazama begi, akautazama mkoba, akavitazama viatu vyenye vumbi.

"Shikamoo. Samahani, wewe ni mwalimu?"

Swali la haki. Aliwahi kuwa mwalimu, tena mzuri, kabla hawajampandisha cheo na kumnyang'anya chaki. "Marahaba," akasema. "Ndiyo, mimi ni mwalimu."

"Wa somo gani?"

"Fizikia."

Ndoo ikaanguka, maji yakaenda zake. "Amekuja!" msichana akapiga kelele huku akikimbia kurudi ndani. "Jamani, amekuja! Mwalimu wa fizikia amekuja!"

Kabla Mkaguzi hajajua aseme nini, watoto walikuwa wamejaa kwenye pengo lile, mmoja kachukua begi, mwingine mkoba, na yeye mwenyewe anavutwa kama bwana harusi aliyechelewa. Alijiambia: nikifika ofisini nitawaeleza. Msichana wa ndoo alikuwa mbele akiongoza msafara na kuuliza maswali mfululizo bila kungoja majibu. Wenzake walimwita Wakili, na haikuhitaji mtu kueleza sababu.

Ofisi ya walimu ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na mabenchi mawili. Ilikuwa saa ya chai. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye kicheko kinachosikika barabarani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema, akaukamata mkono wa Mkaguzi kwa mikono yake miwili. "Baba, tumekusubiri mpaka tumechoka kuomba. Kaa. Kaa kwanza unywe chai, habari zitakuja zenyewe."

"Sogea hapa, kaka mkubwa," akasema kijana mwembamba aliyekuwa mwalimu wa biolojia. "Hili benchi lina mguu mgonjwa. Ukikaa katikati utapona, ukikaa pembeni utafundishia hospitali."

Wakasogeana. Wakamwekea kikombe cha plastiki na kipande cha mkate. Mkaguzi alikitazama kile kikombe. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumbana bega kwa bega kwenye benchi. Akanywa. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno, naye akaimaliza yote.

"Barua ya uhamisho unayo?" Mwalimu Mkuu akauliza, si kwa ukali.

Hapo ndipo mtu mzima anapoweka kikombe chini na kusema ukweli. Mkaguzi akasema, "Itakuja kesho na gari."

Gari lilikuwa linakuja kesho, ni kweli, na ndani yake kulikuwa na barua. Ila si barua hiyo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wameshasema, lakini Mkaguzi alijipa moyo kwamba yake angalau ingemfikisha mwisho wa siku.

"Kesho mbaya hiyo," akasema yule kijana wa biolojia. "Kesho tuna wageni. Wakaguzi. Na nasikia safari hii yumo Kalamu Nyekundu mwenyewe. Humjui? Basi una nyota. Wanasema siku ya harusi yake, wageni walipomaliza kula, yule mzee aliomba karatasi akamwandikia bibi harusi: *mapokezi yanaridhisha, tabasamu linahitaji jitihada.*"

Walimu wakavunjika mbavu. Mwalimu Mkuu alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Mkaguzi naye akacheka, maana hiyo ndiyo nauli ya kukaa kwenye benchi lile, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Walidhani ni ya kicheko. Mkewe aliwahi kumkuta jikoni akipanga upya vikombe, akamwambia, "Mume wangu, hapa si shuleni. Hapa utakula na utanyamaza." Angetoa chochote leo aambiwe tena anyamaze.

"Ehe, umenikumbusha," akasema Mwalimu Mkuu, akachukua simu. "Nimwambie jirani asisumbuke." Akamgeukia Mkaguzi akamweleza kama anavyoelezwa mtu wa nyumbani. "Tulikuwa tumeazima mwalimu wa fizikia shule ya pili, aje kesho atusitiri. Ndivyo tunavyoishi. Wao wakikaguliwa tunawapelekea wetu wa jiografia. Hata madawati yanatembea, baba."

Mkaguzi alikumbuka dawati moja lililochongwa samaki, alilowahi kukutana nalo katika shule mbili tofauti ndani ya mwezi mmoja. Wakati ule aliwaza tu kwamba watoto wa siku hizi wanapenda samaki.

"Hallo, mwalimu mwenzangu," Mwalimu Mkuu alikuwa anasema kwenye simu. "Yule kijana wako mwache afanye kazi zake kesho. Mungu katuletea wa kwetu. Ndiyo! Yuko hapa, anakunywa chai."

Mdomo wa Mkaguzi ulikuwa umejaa mkate. Angeweza kuutema. Angeweza kuinua mkono. Aliijua fika shule ile inasimama juu ya nini, na alimwona mama yule akiiondoa nguzo yenyewe kwa furaha, kwa sababu yake. Lakini bega la kulia lilikuwa limegusana na la kijana wa biolojia, na la kushoto na la mwalimu wa hesabu, na akisema tu, mabega yale yataondoka. Akameza mkate.

Baada ya chai wakampeleka kidato cha nne. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, na Wakili alishamwandalia meza: betri za tochi, vipande vya waya na balbu tatu ndogo.

"Mwalimu, sisi tuna utaratibu wetu," akasema. "Asiyeelewa anasimama. Somo haliendi mpaka akae. Tulianza mwalimu alipoondoka, maana tunafundishana wenyewe, na anayefundisha naye hana hakika. Sasa ukiona mtu kasimama usidhani ni utovu wa adabu."

Mkaguzi alitaka kucheka, kisha hakutaka. Kwa miaka mingi alikaa nyuma ya madarasa, na kila mwalimu alipouliza "Mmeelewa?" darasa liliitikia "Ndiyo!" kwa sauti moja, naye akaweka alama. Hakuwahi kumwona mtoto asiyeelewa. Ukizisoma ripoti zake tangu mwanzo utaapa kwamba nchi nzima imeelewa.

Akaunganisha balbu tatu kwa mfuatano, zikawaka. Akaanza kueleza habari za mkondo wa umeme. Hajafika mbali, Wakili akasimama. Halafu mwingine, halafu safu nzima ya dirishani.

"Haya, Wakili. Tatizo nini?"

"Mwalimu, balbu ya kwanza inakula umeme. Si ndiyo? Ya pili inapata masalio. Ya tatu inalamba sahani. Sasa kwa nini zote zinawaka sawa?"

Akaeleza. Wakabaki wamesimama. Akaeleza tena kwa maneno makubwa zaidi, na walioketi nao wakaanza kusimama. Jasho likamtoka. Aligundua kwamba jibu alikuwa nalo kichwani kama kitu kilichofungwa kwenye gazeti, na hajawahi kulifungua. Akatazama huku na huku, akaona kamba ya kisima imening'inia nje ya dirisha.

"Ileteni."

Wakaifunga ncha zake ikawa duara, wakaizungusha darasa zima, waliokaa na waliosimama, kila mtu kaishika kwa kulegeza viganja. Mkaguzi akasimama mbele akaanza kuivuta, mkono kwa mkono. Kamba yote ikaenda kwa pamoja, ya mbele na ya nyuma, ikipita viganjani.

"Nani kapata masalio ya kamba?" akauliza.

"Hakuna!"

"Nani kaona kiganja kinapata moto?"

"Sote!"

"Basi. Umeme ni hiyo kamba. Hauliwi na mtu. Kinachokwisha ni nguvu ya anayevuta, na anayevuta ni betri. Ndiyo maana betri inakufa na waya haufi."

Wakaanza kukaa. Mmoja hapa, wawili pale, safu ya dirishani yote. Wakili alikaa akitikisa kichwa kama aliyeshindwa kesi asiyoijutia. Akabaki mmoja nyuma kabisa, mvulana mwenye aibu, bado kasimama. Kengele ikalia. Hakuna aliyetikisika. Wakamsubiri, jirani yake akamfinyia kamba kiganjani akamnong'oneza, mpaka akasema, "Ahaa," akakaa, na darasa zima likampigia makofi.

"Asanteni," akasema Mkaguzi. Hakujua kwa nini yeye ndiye anayeshukuru. Aliona tu kwamba ameiona shule, kwa mara ya kwanza, na kwamba ni shule nzuri, na kwamba hakuna sehemu katika ripoti zake zote ya kuandika alichokiona.

Chumba cha mwalimu wa fizikia kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa. Alipolala alikata shauri: alfajiri nitamwamkia Mwalimu Mkuu, nimweleze yote kabla gari halijafika, amwahi yule mwalimu wa kuazima. Lilikuwa shauri zuri, na lingetimia, ila mtu aliyezoea kukesha na redio alilala usingizi wa mtoto mchanga. Kilichomwamsha ni honi ya gari.

Alitoka na viatu visivyofungwa kamba. Shule nzima ilikuwa mstarini. Mkuu wake wa kazi, kijana wa rika la mwanawe mdogo, alikuwa ameshashuka na mafaili kwapani.

"Aa, mzee wetu, umewahi kama kawaida yako!" akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Walimu, nadhani mmeshamkirimu mkaguzi wetu mwandamizi. Huyu ndiye mwalimu wetu sisi sote."

Kijana wa biolojia alishika mdomo. Minong'ono ikapita mstari kwa mstari mpaka kwa wadogo wa kidato cha kwanza, kisha ikafa. Mkaguzi alimtafuta Wakili kwa macho, akamkuta anatazama chini.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "nilikuwa nataka nikueleze..."

"Karibu ofisini, mheshimiwa," akasema Mwalimu Mkuu. Neno lile, mheshimiwa, lilimchoma kuliko tusi.

Walimwekea kiti chake peke yake, kiti chenye mto, mbali na mabenchi. Mwalimu Mkuu alipiga simu kwa jirani huku amewapa mgongo. Yule mwalimu wa fizikia wa kuazima alikuwa ameshasafiri kwa shughuli zake asubuhi ile, maana aliambiwa hahitajiki. Na mkuu wa msafara wa wakaguzi alitaka fizikia ya kidato cha nne kabla ya yote, hata kama atakayefundisha si mwenye somo. "Tuone shule inavyojikimu," akasema, naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na haraka.

Kijana wa biolojia akabebeshwa msalaba. Aliingia darasani na kitabu mkononi, tai shingoni, na ulimi uliochekesha ofisi nzima jana ukawa mzito mdomoni. Mkaguzi na mkuu wake wakakaa nyuma. Balbu tatu zilikuwa bado mezani. Kijana akazitazama, akafungua kitabu, akakosa pa kushika, na kwa sababu ni lazima mtu aseme kitu, akasema:

"Sasa, balbu ya kwanza hutumia umeme wake. Ile ya pili hupata... hupata uliobaki. Mmeelewa?"

Darasa lote lilikuwa limekaa.

"Ndiyo, mwalimu!"

Mkuu wa msafara akaandika. Yeye alisomea uhasibu. Kwake umeme ni bili. Lakini Mkaguzi alijua kwamba wale watoto wanajua. Jana tu viganja vyao vilipata moto. Akamtazama Wakili kisogoni na kumwomba kimoyomoyo: simama, mwanangu. Simameni hata wawili, huyu bwana awaone mlivyo. Shule yenu inafungwa mkiwa mmekaa hivyo. Hakuna aliyesimama.

Basi akasimama yeye.

"Mimi sijaelewa," akasema.

Alidhani watamfuata. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo mkaguzi tu anaweza kulifanya: kukaa katika nyumba ya watu siku moja akadhani ameshakuwa wa mle. Watoto walimwona Kalamu Nyekundu, yule aliyewadanganya, kasimama kumuumbua mwalimu wao mbele ya mgeni. Wakili aligeuza shingo, macho yamejaa hasira na machozi, kisha akautazama ubao. Safu ya dirishani ikayakodolea macho madawati. Yule mvulana wa nyuma, aliyekuwa karibu naye kabisa, akasogea upande wa pili wa kiti chake. Chaki ilikatika mkononi mwa kijana wa biolojia, naye akainama kuiokota, akakaa kule chini muda mrefu kuliko inavyohitajika kuokota chaki.

"Mzee," mkuu wake akamnong'oneza, akimvuta koti. "Kaa, bwana. Tumeshaona."

Mchana, baada ya madarasa mengine kukaguliwa, walizungumza wawili tu kando ya gari. Mkaguzi alieleza yote: pengo la ua, chai, kamba ya kisima, watoto wanaosimama. Alieleza vibaya, anarukaruka, kama mtu anayesimulia ndoto.

"Hii ni shule nzuri," akasema. "Sijawahi kuona nzuri kuliko hii. Iandike hivyo, useme mimi ndiye niliyeona."

"Jana ulikuwa nani, mzee wangu?" mkuu wake akauliza kwa upole. "Kama ulikuwa mkaguzi, ulikagua bila kujitambulisha, siwezi kuupokea ushahidi wako. Kama ulikuwa mwalimu, basi mwalimu hatoi ushahidi kuhusu shule yake. Nikuandike nani?"

Maisha yake yote Mkaguzi aliwaambia watu kwamba lisiloonekana kwa utaratibu halikuonekana. Sasa limemrudia mwenyewe, naye hakuwa na pa kushika.

"Kinachokosekana ni mwalimu wa fizikia," akasema mwishowe. "Andika yupo."

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa. Naomba kushushwa. Nimebakiza kidogo nistaafu, nitamalizia hapa."

Mkuu wake alicheka, akamtazama, akaacha kucheka. "Unakitupa cheo chako kwa ajili ya vibanda hivi?"

"Nakirudisha nilikokitoa."

Hayo maneno ya mwisho yalikuwa na madaha kidogo, na Mkaguzi mwenyewe aliyaonea haya alipoyasikia. Ukweli ulikuwa mfupi zaidi: shule isingekufa, na yeye angekuwa na mahali pa kunywa chai. Hivyo vitu viwili alivitaka sawasawa, na hakuona ubaya.

Alimkuta Mwalimu Mkuu akifunga madirisha ya ofisi. Akamwambia. Mama yule alishika komeo la dirisha bila kugeuka.

"Nakushukuru kwa ajili ya watoto," akasema. "Kweli nakushukuru. Wasichana wangu watamaliza masomo, na si jambo dogo."

"Na wewe, dada yangu? Mtanipokea?"

"Tutakupokea. Chumba kipo." Akafunga lile komeo. "Ungetuambia jana, pale pale mezani, unajua tungefanya nini? Tungeshtuka. Yule kijana angetaka kujificha chini ya meza. Halafu tungecheka, baba. Wallahi tungecheka mpaka leo. Sasa kila ninachokikumbuka nilichosema mbele yako, najiuliza ulikisikia kama nani."

Maji yakimwagika hayazoleki. Akaaga, akapanda gari pamoja na wenzake.

Alirudi mwezi uliofuata na masanduku yake. Shule haikufungwa. Watoto wa kidato cha nne walimpokea kwa adabu kubwa, wakambebea mizigo bila kuuliza swali hata moja. Hakuna aliyemtendea ubaya, tuseme haki. Kijana wa biolojia alimwamkia shikamoo kila asubuhi, tena kwa kuinama, akapitiliza. Saa ya chai walimwachia nafasi kwenye benchi, nafasi pana, angeweza kulala. Walizungumza habari za mvua na afya. Binti yake alipopiga simu Jumapili kuuliza kama amekula, alisema amekula, na safari hii haikuwa uongo, lakini alisema kwa sauti ile ile ya zamani.

Darasani alifundisha kama hajawahi kufundisha. Alileta sumaku, akaleta kioo, akaning'iniza mawe darini. Alipomaliza alisimama kando, chaki mkononi, akawapitia uso mmoja mmoja akitafuta aliyepotea. Walimtazama bila kupepesa, migongo imenyooka, daftari zimefungwa vizuri. Wakili alikuwa safu ya mbele, mikono juu ya dawati.

"Sasa jamani, tuwe wakweli," akasema. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akangoja kidogo. Nje mtu alikuwa anateka maji kisimani. Hakuna aliyesimama, na hakuwa na njia ya kujua ni nani kati yao aliyeelewa na ni nani aliyekaa tu. Akageuka, akafuta ubao wote, akaanza somo lile lile tena toka mwanzo.